Baba wa Elizabeth Key

Katika kitabu cha ubatizo cha mtaa wetu ziko safu mbili zilizo karibu karibu, moja ya jina la baba na moja ya jina la mama. Sisi waalimu hutakiwa mara kwa mara kutafuta humo habari za watu: kijana ataka kujua umri wake, au ndugu wagombania shamba, au wazazi waogopa kumwoza binti yao kwa jamaa wa damu. Mara nyingi jibu ni jepesi. Lakini ziko siku ambazo safu moja ni tupu, na hapo ndipo kazi inapoanza, maana hatuna budi kuwaendea wazee, kumwuliza huyu na huyu alisikia nini, na kuyapima maneno yao. Tulikuwa katika kazi ya namna hiyo tulipokumbuka habari ya mwanamke mmoja wa Virginia, huko Marekani, aliyeishi zaidi ya miaka mia tatu na hamsini iliyopita. Yeye hakutafuta shamba wala umri. Uhuru wake, na uhuru wa mtoto wake mchanga, ulitegemea jibu la swali moja: baba yake ni nani?

Virginia wakati ule ilikuwa koloni la Waingereza. Walijenga mji wao Jamestown mwaka 1607, na mwaka 1619 waliletwa huko Waafrika ishirini na kitu, walionyang'anywa katika merikebu ya Wareno iliyowachukua kutoka Angola. Kazi kubwa ya nchi ilikuwa kulima tumbaku. Msomaji asidhani ya kuwa wafanya kazi wa mashamba yale walikuwa watu weusi tu. Katika miaka ile ya kwanza walio wengi walikuwa Waingereza maskini, waliojifunga kwa mkataba wa miaka kadhaa ili walipiwe nauli ya kuvuka bahari. Sheria ya utumwa haikuwa imeandikwa bado. Mtu mweusi mmoja aliweza kuwa mtumwa maisha yake yote, na mwenziwe akawa huru mwenye shamba lake. Mambo yalikuwa hayajakatwa, na mambo yasiyokatwa humpa mwenye nguvu nafasi ya kukata apendavyo.

Elizabeth alizaliwa karibu na mwaka 1630, katika wilaya ya Warwick, kando ya mto James. Mama yake alikuwa mwanamke wa Kiafrika, mtumwa wa Thomas Key. Huyu Bwana Key alikuwa Mwingereza mwenye shamba, naye alipata kuwa mjumbe wa Baraza la kutunga sheria. Mkewe wa ndoa alikaa ng'ambo ya mto. Watu wakanong'ona juu ya mtoto yule, na Bwana Key akakana. Akasema ya kuwa baba wa mtoto ni Mturuki mmoja wa Kapteni Mathews. (Waingereza wa siku zile walimwita Mturuki karibu kila Mwislamu, hata kama hakuiona nchi ya Uturuki, basi neno hilo peke yake halitwambii mtu huyo alitoka wapi.) Lakini baraza la Blunt Point halikumsadiki, likamtoza faini kwa kumpa mimba mtumwa wake.

Baada ya hayo, yule yule aliyekana akaanza kutenda mambo yampasayo baba. Mtoto alibatizwa. Na mwaka 1636, muda mfupi kabla hajafa, Key alimweka Elizabeth mikononi mwa Bwana Humphrey Higginson, baba yake wa ubatizo, kwa muda wa miaka tisa. Masharti ya agano yalikuwa haya: amtunze kwa heshima kupita mtumishi wa kawaida au mtumwa, kama atarudi Uingereza kabla ya miaka tisa kwisha, amchukue pamoja naye na kumlipia nauli, wala asimtoe kwa mtu mwingine. Tuyaangalie maneno haya kwa makini. Elizabeth alikuwa mtoto wa miaka mitano au sita tu, hana nguvu ya kulima wala kufua. Nani atamwekea mtoto wa mtumwa wake nauli ya kwenda Uingereza, na kumpa mlezi, na kumhesabia miaka, ikiwa mtoto huyo si kitu kwake? Mdomo wa Bwana Key ulikana, lakini agano lake lasema jambo lingine.

Agano halikushikwa. Elizabeth akatiwa mikononi mwa Kanali John Mottram, aliyehamia upande wa kaskazini, katika wilaya iliyoitwa Northumberland, na huko akawa mtu mzima. Miaka tisa ilitimia mwaka 1645, naye akabaki katika kazi. Karibu na mwaka 1650 Mottram alileta watumishi wa mkataba kutoka Uingereza, na mmoja wao alikuwa kijana aitwaye William Grinstead, mtu aliyejua sheria. Yeye na Elizabeth wakapendana, wakazaa mtoto mwanamume, wakamwita John. Mwaka 1655 Kanali Mottram akafa. Wasimamizi wa mirathi walipoandika orodha ya mali ya marehemu, wakamhesabu Elizabeth na mtoto wake pamoja na watumwa weusi. Kwa kalamu moja mama na mwana wakawa mali ya kurithiwa. Hapo alikuwa amekwisha kutumika miaka kumi na tisa, yaani miaka kumi zaidi ya ile aliyowekewa na Bwana Key.

Ndipo Elizabeth alipopeleka shauri lake mbele ya baraza la wilaya, na Grinstead akawa wakili wake. Shauri lilisikiwa tarehe 20 Januari, 1656. (Anayesoma karatasi zenyewe ataona zimeandikwa 1655, wala karani hakukosea. Waingereza wakati huo waliuanza mwaka mpya tarehe 25 Machi, kwa hiyo Januari yao ilikuwa bado katika mwaka wa zamani. Mwalimu mwenye kutafuta habari za kale asiposhika jambo hili atawafanya watu wazaliwe kabla ya mama zao kuolewa.)

Maneno ya mashahidi yaliandikwa katika vitabu vya wilaya, nayo yamehifadhiwa. Kwetu sisi hapa ndipo penye utamu wa habari yote, kwa maana twasikia watu wa kawaida wakisema yale waliyoyaona nyumbani na njiani.

Mwanamke mmoja, Elizabeth Newman, mwenye umri wa miaka themanini hivi, alishuhudia ya kuwa habari ilienea Virginia yote kwamba Elizabeth ni mtoto wa Bwana Key, na ya kuwa Key alipelekwa mbele ya baraza la Blunt Point akatozwa faini kwa mimba ile ile. Mwanamume mmoja, Nicholas Jurnew, alisema amesikia tetesi hizo hizo, ila alisikia pia ya kuwa Key mwenyewe alimtaja yule Mturuki. Anne Clark alisema alikuwapo agano lilipofanywa, na mumewe marehemu alikuwa shahidi. Higginson aliahidi kumtunza msichana kama mtoto wake mwenyewe. Lakini alipoulizwa kama Elizabeth aliahidiwa uhuru baada ya miaka kwisha, mama huyu akajibu ya kuwa hawezi kusema. Sisi twampenda shahidi wa namna hii. Angaliweza kuongeza neno moja tu la kumsaidia Elizabeth, naye hakuliongeza. Kwa hiyo yale aliyoyasema twayaamini zaidi.

Shahidi mwingine alileta habari ndogo ya nyumbani kwa Mottram. Palikuwa na kijana aitwaye John Key, naye alimwita Elizabeth kwa jina la kumdharau rangi yake. Mwanamke mmoja wa heshima, Bibi Speke, akamkemea: amwite dada, kwa kuwa ni dada yake. Na yule kijana akamwita dada. Faini yaweza kutozwa kwa kukosea, na uvumi waweza kuwa uongo. Lakini kijana mwenye jina la Key, akionywa mbele ya watu, asikane, akatii, huyo ametoa ushahidi bila kuapa.

Na je, yule Mturuki? Hakuna mtu aliyesimama barazani na kusema amemwona. Twamjua kwa neno la Key peke yake, naye Key alikuwa na mke, na cheo, na faini iliyomngojea. Hatuwezi kusema ya kuwa hakuwapo kabisa. Lakini tukiweka upande mmoja neno la mtu anayejikinga, na upande wa pili faini, agano, ubatizo, na dada aliyekubaliwa, twaona mizani yalala upande mmoja.

Neno hili la baba lilikuwa na uzito mkubwa kwa sababu ya desturi ya Uingereza: mtoto hufuata hali ya baba. Ikiwa Elizabeth ni binti wa Mwingereza huru, naye ni huru. Ikiwa ni binti wa Mturuki asiye raia wala Mkristo, hana pa kushika. Wazee walioapishwa walimpa Elizabeth haki. Wasimamizi wa mirathi hawakukubali, wakakata rufani kwa baraza kuu la Jamestown, na huko akahukumiwa kuwa mtumwa. Kumbukumbu za baraza kuu hilo ziliteketea kwa moto mjini Richmond mwaka 1865. Tusingalijua mengi kama makarani wa Northumberland wasingaliandika mambo ya shauri hili katika vitabu vyao wenyewe.

Elizabeth na Grinstead hawakunyamaza. Walipeleka shauri mbele ya Baraza la kutunga sheria lenyewe, nalo likachagua watu wachache walichunguze. Hao walitoa shauri ya kuwa Elizabeth apaswa kuwa huru, kwa sababu tatu: mtoto wa mtumwa mwanamke aliyezaliwa na baba huru ni huru, alibatizwa tangu zamani, naye aweza kueleza vema imani yake, tena Key alimtoa kwa miaka tisa tu. Wakaongeza ya kuwa apewe nafaka na nguo na kulipwa kwa muda aliotumika kupita kiasi. Shauri likarudi wilayani, na mwezi wa Julai, 1656, Elizabeth akawekwa huru pamoja na mtoto wake. Tarehe 21 ya mwezi huo likatolewa tangazo la ndoa ya William Grinstead na Elizabeth Key. Wakaoana, wakapata mwana wa pili. William alifariki mapema, na Elizabeth akaolewa tena.

Tungalipenda kuishia harusini, lakini historia haikuishia hapo. Mwezi wa Desemba, 1662, Baraza lile lile la Virginia lilitunga sheria mpya. Ilianza kwa kusema ya kuwa mashaka yametokea juu ya watoto waliozaliwa na Waingereza kwa wanawake weusi, kama ni huru au watumwa. Ikakata neno ya kuwa kila mtoto atafuata hali ya mama. Na mwaka 1667 wakatunga nyingine, ya kuwa ubatizo haumbadilishi mtumwa hali yake. Basi milango miwili aliyopitia Elizabeth ilifungwa katika muda wa miaka kumi na moja. Tangu hapo bwana aliweza kuzaa na mtumwa wake, na mtoto akawa faida katika hesabu ya mali yake. Hakuwa tena na sababu ya kumtafuta Mturuki.

Watu wa pwani yetu watashangaa kusikia sheria hiyo. Hapa kwetu utumwa ulikuwapo, tena ulikuwa mchungu, wala hatutaki kuupamba. Lakini kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria, bwana akimkubali, alizaliwa huru na kulifuata jina la baba yake. Seyyid Majid na Seyyid Barghash, waliotawala Unguja, walikuwa wana wa masuria, wala hilo halikuwazuia kukaa katika kiti cha Seyyid Said. Kwa sheria ya Virginia ya 1662 wangalikuwa watumwa wa ndugu zao.

Jambo moja limetusumbua katika kuisoma habari hii. Jina la Thomas Key limeandikwa mara nyingi, na la Higginson, na la Mottram, hata la Kapteni aliyekuwa na Mturuki. Mama wa Elizabeth, ambaye hakuna mtu aliyeshindana naye juu ya uzazi wake, ametajwa kuwa mtumwa mweusi wa Key, basi. Alice Larrett, mwanamke wa miaka thelathini na minane, ndiye peke yake katika mashahidi hawa aliyelileta neno la mama huyo mbele ya baraza. Alisema alimwona mara nyingi akienda kulala kwa bwana wake. Na ya kuwa alimsikia kwa masikio yake mama yule akisema, huyu ni binti wa Bwana Key.