Kisu na Alama ya Aliyekifua

Shika kisu cha jikoni kwenu, msomaji, ukiinamishe kidogo penye mwanga. Karibu na mpini, juu ya bapa, huenda ukaona alama ndogo: jina, nyota, mkono, au herufi mbili tatu zilizofifia kwa kuoshwa. Watu wengi hutumia kisu miaka kumi wasiitazame alama hiyo hata siku moja. Lakini ina historia ndefu, na ndani yake mna swali ambalo kila mnunuzi wa kisu amejiuliza tangu zamani: nikikifikisha nyumbani kikapinda au kikakataa kukata, nitamwendea nani?

Hapo kale katika nchi yetu swali hilo lilikuwa na jibu jepesi. Wahunzi wa Wakikuyu, waliochuja mchanga wenye chuma katika mito na kuuyeyusha kwa moto wa mivukuto ya ngozi, walikaa miongoni mwa watu waliowauzia. Aliyepata kisu kibaya aliijua njia ya kwenda kwa mhunzi, na mhunzi naye alijua kwamba atakutana na mtu huyo sokoni. Uso wa mtu ulikuwa dhamana ya kutosha. Taabu huanza kisu kinaposafiri mbali na mkono uliokifua, kwa maana kisu ni bidhaa ifichayo siri yake. Chuma laini kikisuguliwa vizuri hung'aa sawasawa na chuma cha pua, na jicho la mnunuzi haliwezi kuvipambanua. Tofauti huonekana baada ya juma moja, na fedha zimekwisha kwenda.

Mji uliopambana na taabu hiyo kwa muda mrefu ni Sheffield, kaskazini ya Uingereza. Mito yake midogo yenye kasi ilizungusha mawe ya kunolea, na visu vyake viliuzwa mbali sana na mahali vilipofuliwa. Mwaka 1624 Bunge la Uingereza liliunda chama cha wafua visu wa Hallamshire, yaani Sheffield na viunga vyake. Chombo chenye makali kilipaswa kuwa na makali ya chuma cha pua. Kijana alipaswa kujifunza kazi kwa muda usiopungua miaka saba. Na kila fundi alipewa alama yake mwenyewe, ikaandikwa katika daftari la chama, asiitumie mwingine. Basi alama ikashika mahali pa uso. Mnunuzi wa mbali hakumjua fundi, lakini aliweza kuijua nyota yake au msalaba wake.

Usidhani, hata hivyo, kwamba mafundi hao walikuwa tayari daima kumpa mnunuzi kilicho bora. Karibu na mwaka 1740 alihamia jirani na mji huo mtengenezaji wa saa aitwaye Benjamin Huntsman, aliyekuwa akitafuta chuma kizuri zaidi cha kamani za saa zake. Akavumbua njia ya kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo mpaka kikawa kama maji, kisha kukimimina. Kikatoka safi, sawa kotekote. Wafua visu wa Sheffield wakakikataa: kigumu mno, walisema, chatuchosha mikono. Huntsman akawauzia Wafaransa. Visu vya Kifaransa vilivyofuliwa kwa chuma hicho vilipoanza kupendwa Uingereza kwenyewe, wale wale waliokikataa, kama isimuliwavyo, walikwenda kuomba chuma hicho kisiuzwe nje. Ombi lao halikukubaliwa, ikawabidi wachoke mikono kama wenzao.

Mwaka 1814 sharti la uanagenzi liliondolewa, na kila aliyetaka akaruhusiwa kufanya kazi hiyo. Haukupita muda mrefu visu vya chuma duni, vilivyomiminwa katika kalibu na kusuguliwa vikang'aa, vikajaa madukani. Ndiyo sababu sheria ya mwaka 1819 ikasema kwamba chapa yenye sura ya nyundo ipigwe tu juu ya kisu kilichofuliwa kwa nyundo. Baadaye ukaja wizi wa jina lenyewe: bidhaa za Solingen, mji wa wafua visu wa Ujerumani, zilipigwa chapa ya Sheffield. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 ikazilazimisha bidhaa za namna hiyo kutaja nchi zilikotoka. Ajabu ni kwamba Wajerumani wenyewe walikuja kuona uchungu wa jina kuibiwa; mwaka 1938 wakatunga sheria ya kulilinda jina la Solingen lisipigwe juu ya kisu kilichotengenezwa kwingine.

Yako mambo ambayo alama haikuyasema. Mipini ya visu vya matajiri ilichongwa kwa pembe za ndovu wa Afrika. Wanoaji wa Sheffield walikaa siku nzima juu ya mawe yazungukayo, wakivuta vumbi la jiwe na la chuma. Walionoa uma kwa mawe makavu wengi wao walikufa kwa maradhi ya mapafu kabla ya kutimiza miaka 40. Mnunuzi alipewa makali mazuri, na bei hiyo hakuiona.

Kisu cha zama hizo kilimtaabisha hata mwenyewe. Kikiachwa na maji ya ndimu usiku mmoja, asubuhi kina madoa meusi. Katika nyumba kubwa kijana aliajiriwa kusugua visu tu. Mwaka 1913 Harry Brearley, mwana wa myeyusha chuma wa Sheffield, aliyekuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki, aliyeyusha chuma cha pua chenye kromiamu karibu asilimia 13, akaona hakiliwi na siki wala ndimu. Akakipeleka kwa wafua visu. Visu vya kwanza havikukata, wakamcheka wakimwita mvumbuzi wa visu visivyokata. Ernest Stuart, msimamizi katika kiwanda cha visu, ndiye aliyejaribu tena na tena mpaka akapata kiasi cha moto kinachokifaa chuma hicho.

Huenda kisu ulichokishika ni cha ukoo huo. Kromiamu hukivika utando mwembamba usioonekana, ambao ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe hewani. Lakini chumvi yaweza kuushinda. Kwa hiyo kioshe, ukikaushe papo hapo, usikilaze ndani ya maji ya chumvi. Katia juu ya ubao, si juu ya sahani wala jiwe. Usikifanye kifungulio cha mikebe. Ncha iliyovunjika fundi hana la kuifanya ila kuisaga. Unapokinoa, loanisha kinoo, ukiinamishe kisu kwa mwinamo ule ule kila upande, wala usikaze mkono. Na ukishindwa, mngoje mnoaji apitaye mtaani na jiwe lake lizungushwalo kwa miguu kama baiskeli. Mpe kisu, umwangalie: kabla hajakianza, atakigeuza penye mwanga aitafute alama.