Mukaba wa Ali na karti ya Mantle: bei inatoka wapi?

Wazee wetu walituelezea sana usiku wa tarehe 30 Oktoba 1974, kule Kinshasa, Muhammad Ali alipoangusha George Foreman mu raundi ya 8. Mukaba wa bingwa aliopata juu ya ule ushindi uliuzwa mu mnada kule Marekani, Julai 2022, kwa dola zaidi ya milioni 6.

Mwezi uliofuata, nyumba ileile ya mnada, Heritage, iliuzisha karti ya Mickey Mantle, mchezaji wa beisboli, iliyochapwa mu 1952: dola milioni 12,6. Kipande cha karatasi kinapita mukaba wa Ali mara mbili! Namna gani?

Karti za kampuni ya Topps zilikuwa za watoto. Walizikunja, wakazichafua, wakazitupa. Hata kampuni yenyewe, masanduku iliyokosa kuuzisha ilienda kuyamwaga mu bahari. Ile ya milioni 12,6 ilikuwa safi kabisa: ilipewa 9,5 juu ya 10. Kumbe bei ya karti inatoka kwa uchache na usafi. Na mwisho wa miaka ya 1980 kampuni zilichapa karti mingi sana, watu wakazitunza kama akiba ya benki. Leo nyingi hazina bei. Sisi wa agronomia tunajua: kama wote wanavuna mahindi siku moja, soko linaanguka.

Kitu kilichovaliwa na mchezaji, kile kinadai ushahidi. Mayo moja ya Babe Ruth iliuzwa dola 940.000 mu 2005. Kisha watu walilinganisha nguo na picha za zamani, wakahakikisha kama ni ile aliyovaa mu fainali ya 1932. Mu 2024 ikauzwa dola zaidi ya milioni 24. Nguo ni ileile. Kilichoongezeka ni ushahidi.

Njo maana naandika. Mu 1974 hiyohiyo, Leopards wetu walicheza Kombe la Dunia kule Ujerumani. Kama mu familia yenu kuna mayo, viatu ao tiketi ya wakati ule, usikubali ifanywe kitambaa cha kupanguzia. Tafuta picha, uliza muzee angali na akili, andika jina na tarehe. Bila hivyo, ni nguo ya zamani tu.

Na kwenu, mu sanduku ya babu muko nini?