Mgomo Huleta Doo Aje? Stori ya CBA, Siku 100 za Madaktari na Ile 206,400

Ukiskia watu wamegoma, kitu ya kwanza utaona kwa TV ni vuvuzela, matawi ya miti na karao wakirusha vitoza machozi. Jioni watu wanabishana mtandaoni nani ako na makosa. Lakini ile kitu huamua kama hao wasee wataongezwa mshahara ama watarudi kazi mikono mitupu haiko barabarani. Iko kwa karatasi, na hiyo karatasi inaitwa CBA.

Kwa Kiswahili cha ofisi ni Mkataba wa Makubaliano ya Pamoja. Mtaani ni CBA tu, hata shosho yako mwalimu aliyestaafu anaijua hivyo.

Tofauti yake na ile barua ya kazi ulipewa ni hii: barua yako ulisaini peke yako, mdosi ako upande ule na wanasheria wake, wewe ako huku na njaa yako. CBA inasainiwa na chama kwa niaba ya kila mtu wa daraja lenu. Mshahara, likizo, marupurupu ya nyumba, masaa ya kazi, ovataimu, vyote vimeandikwa. Mdosi hawezi amka Jumanne akabadilisha.

Mimi niliacha college second year juu karo ilikataa, nikaenda kibarua kwa godown moja Indaa. Tulikuwa tunapakia mzigo usiku. Kila wiki tukilipwa kulikuwa na siku moja imepotea kwa hesabu. Msee mmoja akauliza. Jumatatu jina yake haikuwa kwa listi ya geti. Sisi wengine tukajifanya hatujaona, tukapakia. Hapo ndio nilijua kuuliza ukiwa mmoja na kuuliza mkiwa mia mbili si kitu moja.

Sheria inasema nini

Katiba ya 2010, Kifungu cha 41, inakupa haki ya kuingia chama cha wafanyakazi na haki ya kugoma. Halafu kuna Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, ambayo ndio inaeleza mchezo unachezwa aje.

Chama lazima kwanza kisajili zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaoruhusiwa kujiunga hapo kazini. Kikishafikisha hiyo namba, mdosi analazimika kukitambua na kukaa chini kujadiliana. Wakikubaliana, CBA inapelekwa Korti ya Ajira na Mahusiano ya Kazi isajiliwe. Shika hiyo neno *isajiliwe*, itarudi mbele na itauma watu.

Wakikosana, mzozo unaripotiwa kwa Waziri wa Leba na msuluhishi anateuliwa. Ikikataa bado, chama kinatoa notisi ya siku 7 kwa maandishi. Ukigoma bila kupitia hizo hatua, huo mgomo haujalindwa na unaweza futwa kazi. Ukizipitia, mdosi hawezi kukufuta juu uligoma. Lakini halazimiki kukulipa zile siku hukufanya kazi. Hapa watu wengi hushangaa: mgomo unakula pesa ya mwenye anagoma kwanza. Mwenye nyumba hajui CBA.

Karao na wanajeshi hii sheria haiwahusu. Hao hata wakiwa na maneno, watasema kwa keja.

Madaktari: karatasi ya 2013

Kama unataka kuelewa hii kitu vizuri, fuata stori ya KMPDU, chama cha madaktari. Juni 2013 walisaini CBA na Wizara ya Afya. Ilikuwa na nyongeza kubwa ya mshahara, lakini pia kuajiri madaktari zaidi, vifaa kwa hospitali na pesa ya utafiti. Miaka ikapita, hakuna kitu. Gava ikaanza kusema hiyo karatasi haikusajiliwa kortini, kwa hivyo haina nguvu. Unaona sasa?

Tarehe 5 Desemba 2016 madaktari wa hospitali za umma wakaweka vifaa chini. Korti ikawaambia warudi kazi, wakakataa. Gava ikawawekea ofa ya asilimia 40, wakakataa. Februari 2017 viongozi 7 wa chama wakafungwa mwezi mmoja kwa kudharau amri ya korti. Kama mpango ulikuwa kuwatisha, ulienda kombo, juu hata madaktari wa hospitali za kibinafsi walianza kutoka kwa kuwaunga mkono. Baada ya siku mbili hivi Korti ya Rufaa ikawaachilia ili mazungumzo yaendelee.

Mgomo uliisha tarehe 14 Machi 2017, siku ya 100. Baadaye mwaka huo CBA mpya ya 2017 hadi 2021 ikasainiwa, na hii mara ilifika kortini ikasajiliwa.

Si poa nikikuambia hiyo stori kama filamu ya mashujaa pekee. Kwa hizo siku 100 mtu mwenye pesa alienda hospitali ya kibinafsi. Mtu wa Mukuru ama Turkana alifika kwa wodi akapata vitanda tupu, na wengine hawakurudi nyumbani. Madaktari walisema hata bila mgomo watu walikuwa wanakufa juu hakuna oksijeni wala madaktari wa kutosha. Zote mbili zilikuwa ukweli, na hakuna mtu huwa anataka kuzishika pamoja.

Halafu ikaja ile ya 206,400

Ndani ya hiyo CBA ya 2017 kulikuwa na laini moja ya madaktari wanagenzi, wale wamemaliza chuo na lazima wafanye mwaka mmoja hospitalini ndio wapate leseni kamili. Mshahara wao: shilingi 206,400 kwa mwezi. 2024 gava ikasema haina hiyo doo, itawapa 70,000.

Piga hesabu. Tofauti ni 136,400 kila mwezi. Kwa miezi 12 ni 1,636,800. Na huyu ni mtu analala wodini, anaitwa saa tisa usiku, na hawezi kuhepa juu bila huo mwaka hana leseni.

Februari 29, 2024, kwa maandamano ya Nairobi, katibu mkuu wa KMPDU Davji Atellah aligongwa kichwani na mkebe wa kitoza machozi akaishia hospitalini. Katikati ya Machi mgomo ukaanza na ukaenda siku 56, hadi Mei 8. Waliporudi kazi, mambo mengi yalikuwa yamekubaliwa, ila maneno ya wanagenzi ikawekwa kando. Chama hakikuachilia. Mwisho wa mwaka kikatisha kugoma tena, na Desemba 2024 makubaliano yakasainiwa kwamba wanagenzi walipwe ile ile 206,400.

Kitu ya kuangalia hapo: kwa hiyo laini ya wanagenzi, 2024 hawakuwa wanaomba nyongeza. Waligoma kulinda namba ambayo tayari ilikuwa imeandikwa na kusajiliwa. Ya 2013 gava iliikana kirahisi. Ya 2017 ilijaribu, ikashindwa.

Si kila mgomo hushinda

Walimu wanajua. 1997 KNUT waligoma wakaahidiwa nyongeza ya asilimia 150 hadi 200 kwa awamu za miaka mitano. Awamu ya kwanza ikalipwa, zingine zikakwama, 1998 wakagoma tena. 2015 korti iliwapea asilimia 50 hadi 60, gava ikasema haina pesa, shule za umma zikafungwa wiki kadhaa Septemba. Novemba Korti ya Rufaa ikafuta hiyo nyongeza yote. Kama ulikuwa primo hiyo time, ile likizo ya ghafla ndio ilikuwa hiyo.

Na usidhani hii ni tabia ya Wakenya wa juzi. 1937 chama cha Makhan Singh kiligoma Nairobi siku 62 na mishahara ikapanda; baadaye mkoloni alimweka kizuizini zaidi ya miaka kumi. Januari 1947 Mombasa nzima ilisimama, bandari, reli, hadi maboi wa nyumba za wazungu, na Chege Kibachia akawa sauti yao hadi akashikwa mwaka huo huo. 1955 wafanyakazi wa bandari wakagoma tena, Tom Mboya, akiwa kijana wa miaka 24, akashuka Mombasa kujadiliana na wakatoka na nyongeza ya asilimia 33.

Na wewe wa apu?

Hapa ndio kuna shida. Dereva wa teksi ya apu ama rider wa kuleta chakula, kwa makaratasi si mfanyakazi, ni "mshirika". Bila kuwa mfanyakazi huwezi kuhesabiwa kwa ile nusu ya kutambuliwa, na bila kutambuliwa hakuna CBA. Madereva wa apu Nairobi wamezima simu mara kadhaa wakidai bei ipande, na hiyo ni mgomo kwa kila njia isipokuwa kwa sheria.

Lakini kama umeajiriwa na uko kwa payroll, cheki payslip yako leo. Kama kuna makato ya chama, uko ndani, na una haki ya kuitisha nakala ya CBA usome kilichoandikwa. Kama kuna kitu inaitwa ada ya uwakala, hiyo inamaanisha wewe si memba lakini CBA inakufunika na unailipia. Na kama hakuna yoyote, uliza mwenzako wa meza ya pili. Usiulize ukiwa mmoja kwa geti.