Riwaya iliyosubiri miaka 35 ng'ambo ya Ghuba ya Speke

Aniceti Kitereza alifariki dunia mwaka 1981 kisiwani Ukerewe, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80, huku kitabu alichokisubiri kwa miaka 35 kikiwa njiani. Riwaya yake ilikuwa imechapishwa nchini China kwa niaba ya Tanzania Publishing House. Nakala zilipofika, mwandishi alikuwa ameshazikwa.

Kwa msomaji wa Simiyu, habari hii ni ya jirani. Wilaya ya Busega inagusa Ghuba ya Speke, na Ukerewe iko ng'ambo ya maji hayo hayo. Wasukuma na Wakerewe wamevuka ziwa tangu enzi za mababu, wakifanya biashara na kuhamiana. Anayeishi Lamadi au Bariadi akisoma kitabu cha Kitereza atakutana na mengi anayoyafahamu.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa watawala wa Bukerewe. Mtemi Machunda alikuwa babu yake. Alisomeshwa na Wamisionari wa Afrika, akapitia seminari ya Rubya, Bukoba, na kujifunza lugha kadhaa, Kilatini na Kijerumani zikiwemo. Hata hivyo, kazi yake kubwa aliiandika kwa Kikerewe, akaikamilisha mwaka 1945. Aliona mila za wazee zinafifia, akataka vijana wazikute zikiwa hai ndani ya hadithi.

Katika riwaya hiyo, Myombekere na mkewe Bugonoka hawajapata mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke, wazazi wake wanamchukua, na Myombekere analazimika kwenda ukweni kumwomba arudi, kwa gharama ya pombe ya ndizi. Baadaye mganga anawasaidia, wanazaliwa Ntulanalwo na Bulihwali. Katikati ya mkasa huo mna kilimo, uvuvi, uwindaji, tiba, posa na maziko, vyote vimeelezwa hatua kwa hatua. Kitereza na mkewe, Anna, nao walizika watoto wao wakiwa wachanga. Huenda ndiyo sababu uchungu wa Bugonoka umeandikwa kwa upole mkubwa hivyo.

Padri Almas Simard alimtia moyo Kitereza na kuanza kuitafsiri riwaya kwa Kifaransa, lakini mchapishaji hakupatikana. Wasomaji wa Kikerewe walionekana wachache mno. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Gerald na Charlotte Hartwig, watafiti kutoka Marekani, walifika Ukerewe na kumhimiza. Mzee akaketi tena, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, zaidi ya kurasa 600. Ilitoka mwaka 1980.

Kwingineko pia riwaya ndefu zimepitia misukosuko. Gregory David Roberts, Mwaustralia aliyetoroka gereza la Pentridge mwaka 1980 na kujificha Bombay, alikamatwa Frankfurt mwaka 1990, akarudishwa kumalizia kifungo. Alianza kuandika Shantaram gerezani na, kwa maelezo yake, askari waliuharibu muswada mara mbili. Kitabu kilitoka mwaka 2003, kina zaidi ya kurasa 900, na mwandishi alikiona kikienea duniani. Muswada wa Kitereza haukuchanwa na mtu. Ulikwamishwa na hesabu ya soko, na hesabu hiyo ikamnyima mwandishi furaha ya kushika kitabu chake.

Baadaye Wilhelm Möhlig aliitafsiri riwaya ya Kitereza kwa Kijerumani, na mwaka 2002 Mkuki na Nyota ikatoa tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwenye asili ya Ukerewe. Sasa ni zamu ya nyumbani. Shule na maktaba za Simiyu ziiweke riwaya hii mikononi mwa wanafunzi. Na wazee wa Maswa, Meatu na Itilima wanaojua habari za pamba, ng'ombe na ngoma za Wasukuma, watafutwe na waandikwe. Atakayeandika, achapishwe akiwa hai.