Damu Puani

Mbwa wetu Simba alianza kutoka damu puani Jumapili moja, nikiwa darasa la sita. Bibi alidhani kapigwa jiwe, maana mtaani kwetu Morogoro watoto walimrushia mbwa mawe kama vile wanamsalimia. Damu ilikatika, ikarudi. Masikioni alikuwa na kupe walionona kama mbegu za nyonyo.

"Mjukuu wangu, mtoe hao kupe," Bibi aliniambia. Nikaitikia, nikaenda kucheza mpira. Alhamisi Simba akafa chini ya mwembe.

Miaka mingi baadaye, nikisoma shahada ya uzamili ya historia, nilikuwa napitia maandishi kuhusu vita vya Vietnam. Sikuwa natafuta mbwa. Lakini ukurasa mmoja ukanileta ana kwa ana na pua ile ile: mbwa wa jeshi la Marekani, wengi wao aina ya German Shepherd, walioanza kutoka damu puani kuanzia mwaka 1968, wakadhoofika na kufa. Zaidi ya 100 walikufa kabla madaktari hawajaelewa vizuri wanapambana na nini.

Jeshi lilipeleka huko mbwa takriban 4,000. Walinusa mitego, walilinda kambi, walifuata nyayo za adui msituni. Kila mmoja alikuwa na askari wake, na askari huyo alifundishwa jambo ambalo mimi nilidhani ni anasa ya matajiri: kumchana mbwa manyoya kila siku. Si kwa ajili ya urembo. Brashi ilikuwa kisingizio cha mkono kupita mwili mzima. Alipinda masikio na kutazama ndani, akatenganisha vidole vya miguu, akafunua mdomo kuona rangi ya ufizi, akapapasa tumbo. Tukiona saluni za mbwa siku hizi Nairobi na Dar es Salaam tunacheka, na mimi nacheka pia nikiona poodo imefungwa utepe. Ila fundi mzuri wa saluni hiyo anafanya kazi ya yule askari: ndiye mtu anayemshika mnyama kila mahali, mara kwa mara, kiasi cha kujua jana alikuwaje. (Paka tunamwachia ajisafishe kwa ulimi wake wenye miiba, na kwa wenye manyoya mafupi hiyo hutosha kwa sehemu kubwa. Lakini ulimi hauwezi kufika nyuma ya sikio, wala hauwezi kutoa taarifa kwa daktari.)

Ugonjwa wenyewe haukuwa mgeni duniani. Mwaka 1935, katika Taasisi ya Pasteur mjini Algiers, Donatien na Lestoquard waliona mbwa wao wa utafiti, waliokuwa na kupe, wakiugua homa na kuishiwa damu. Ndani ya chembe nyeupe za damu wakakuta vijidudu vidogo sana. Leo vinaitwa Ehrlichia canis. Msambazaji ni kupe wa kahawia wa mbwa, mdudu ambaye hahitaji pori: huishi kwenye nyufa za banda, hupanda ukutani, hutaga mayai kwenye kona ya nyumba. Miaka ya 1960 mbwa wa jeshi la Uingereza waliugua Singapore. Kisha ikafuata zamu ya Vietnam, na watafiti wa jeshi la Marekani, akiwemo David Huxsoll, wakaunganisha vipande hivyo kuwa ugonjwa mmoja.

Hapa ndipo nilipokwama. Kama askari walichana mbwa kila siku, kwa nini mbwa walikufa? Nilitaka jibu rahisi, kwamba kuna mtu alizembea kama mimi. Sikulipata. Kupe akishang'ata anaweza kuambukiza ndani ya saa chache, kabla ya zamu ya brashi kufika. Na mabanda yalijaa mbwa waliobanana, mmoja akimwambukizia mwenzake kupitia mdudu yule yule. Usafi wa mwili bila usafi wa banda ni kuchota maji kwa pakacha.

Lakini brashi ilikuwa na kazi nyingine. Ugonjwa huu hupunguza chembe zinazogandisha damu. Kabla pua haijachuruzika, madoa madogo mekundu huweza kuonekana tumboni, palipo na manyoya machache, na ufizi huanza kupauka. Anayeviona hivyo ni yule anayepapasa. Na dawa ilikuwepo: tetrasaiklini, ambayo jeshi hatimaye lilianza kuwapa mbwa kama kinga. Mbwa aliyegundulika mapema alikuwa na nafasi. Aliyefika hatua mbaya kabisa, uboho ukiwa umeacha kutengeneza damu, mara nyingi hakuwa nayo.

Vita vilipokwisha, mbwa wengi hawakurudishwa Marekani. Kwenye vitabu vya jeshi walihesabiwa kama vifaa, na hofu ya kuingiza magonjwa ilikuwa miongoni mwa sababu zilizotolewa. Mwaka 2000 ndipo sheria ilibadilishwa ili mbwa wa jeshi anayestaafu aweze kuchukuliwa na mtu wa kumtunza. Najiuliza askari mmoja alijisikiaje, baada ya mwaka mzima wa kumfunua mbwa mdomo kila asubuhi, kupanda ndege peke yake.

Na huku kwetu? Mwaka 1980 ulichapishwa utafiti kutoka Kenya ulioonyesha kuwa bweha wanaweza kuhifadhi kijidudu hicho hicho porini. Kwa hiyo Simba hakuhitaji kwenda Vietnam. Sina kipimo cha damu yake na siwezi kuapa kwamba ndicho kilichomuua. Nina pua, kupe, na Alhamisi.

Likizo iliyopita nilimpelekea Bibi brashi ya shilingi elfu tatu. Ana mbwa mwingine sasa, jike, wa rangi ya udongo.

"Huyu atachanwa kuliko mimi," Bibi alisema, akasogeza kigoda apate kutazama.

Nilianza na masikio. La kushoto lilikuwa na kupe watatu, nikawatoa kwa kibano mmoja mmoja na kuwatosa kwenye kopo la spiriti. Tumbo halikuwa na doa. Nikamfunua mdomo: ufizi ulikuwa mwekundu kidogo, kama ndani ya pera.

"Na banda?" Bibi akauliza.

Nikaenda kutafuta maji ya moto.