Penseli ya Ginza na Mzee wa Majalada

Miaka michache iliyopita nilisafiri kwenda Tokyo kuhudhuria kongamano la wanahistoria. Siku ya mwisho, wenzangu walipokwenda kutafuta simu na kamera, mimi niliingia katika duka la Itoya, mtaani Ginza. Duka hilo lilianzishwa mwaka 1904, na mgeni hulitambua kwa alama ya kibanio chekundu cha karatasi iliyowekwa mbele ya jengo. Ndani yake ni ghorofa juu ya ghorofa za kalamu, wino, bahasha, karatasi na madaftari. Orodha yangu ilikuwa fupi: penseli dazeni moja kwa ajili ya binti yangu, madaftari matatu, na kalamu nyekundu ya kusahihishia mitihani. Nilitarajia kumaliza kwa robo saa. Nilikaa humo saa mbili.

Kilichonishika si uzuri wa bidhaa, ingawa ni nzuri. Nilisimama mbele ya rafu ya penseli nikajiuliza: nchi ambayo kwa karne nyingi iliandika kwa brashi na wino mweusi ilifikaje hapa?

Jibu linaanzia safarini. Mwaka 1878, Mjapani aitwaye Masaki Niroku alikuwa Paris kwenye Maonesho ya Kimataifa, na huko akaziona penseli. Ilikuwa miaka kumi tu tangu Mapinduzi ya Meiji, na sita tangu serikali itangaze mfumo wa elimu ya shule kwa taifa zima. Shule na ofisi zilikuwa zikiongezeka, nazo penseli zilitoka Ulaya. Masaki alirejea kwao akaanza kujaribu: grafiti ipi, udongo upi, mti upi. Mwaka 1887 alifungua karakana ndogo mahali ambapo leo ni katikati ya Tokyo, mitambo yake ikizungushwa kwa nguvu ya maji.

Msomaji azingatie tarehe inayofuata. Ni mwaka 1901 ndipo Wizara ya Mawasiliano, iliyosimamia posta na telegrafu, ilipoanza kununua penseli zake kwa matumizi ya ofisi zake. Kati ya kufungua karakana na kumpata mteja huyo ilipita miaka kumi na minne. Wizara ilipewa penseli za aina tatu, zilizotofautiana kwa ugumu. Mwaka 1903 Masaki alisajili nembo ya almasi tatu, ambayo pamoja na kufuata alama ya ukoo wake, ilikumbusha aina zile tatu. Kampuni yake ndiyo Mitsubishi Pencil ya leo, nayo haina undugu wowote na ile Mitsubishi ya magari. Penseli nilizomnunulia binti yangu zilikuwa za kwake.

Kwenye rafu ya madaftari nilikutana na historia ya pili. Mwaka 1905, huko Osaka, Kuroda Zentaro alifungua duka la kutengeneza majalada ya madaftari ya hesabu. Si madaftari yenyewe, bali majalada tu, kazi ya kuchosha na yenye faida ndogo. Baada ya miaka michache alikuwa akitengeneza daftari zima. Duka hilo lilikua likawa kampuni ya Kokuyo, ambayo daftari lake la Campus, lililotoka mara ya kwanza mwaka 1975, limepita mikononi mwa vizazi vya wanafunzi wa Kijapani.

Sitaki msomaji adhani kwamba naitukuza Japani ya Meiji. Shule zilezile zilizofundisha hesabu zilifundisha pia utii usiohoji kwa Mfalme, hasa baada ya Tamko la Elimu la 1890. Dola ileile iliyonunua penseli za Masaki iliitwaa Taiwan mwaka 1895 na kuimeza Korea mwaka 1910. Mwanafunzi wa historia hachukui mfano wa nchi nyingine kama mtu anayeokota embe chini ya mti. Huchagua, hunusa, na penye kuoza hukata. Ninachokata hapa ni kipande kimoja tu: uhusiano kati ya fundi mdogo na ofisi ya umma inayonunua.

Nimekichagua kipande hicho kwa sababu kinanihukumu.

Kabla ya safari ile niliwahi kuwa mjumbe wa kamati ya zabuni katika ofisi moja ya umma. Tulihitaji majalada ya mafaili. Miongoni mwa walioomba alikuwamo mzee mmoja mwenye karakana ndogo mjini kwetu. Sampuli yake ilikuwa safi machoni, lakini baada ya kufunguliwa mara kadhaa ilipasuka kwenye mkunjo. Tulimpa zabuni mwagizaji wa majalada kutoka nje, na mzee tukamwandikia barua ya mistari miwili. Nilitia saini.

Wiki iliyofuata alikuja ofisini kwangu. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba," akaketi, akaweka jalada lake mezani. "Mwanangu," alisema, "sikuja kulalamika. Nionyeshe tu nimekosea wapi, nikarekebishe." Nilimjibu kwamba utaratibu hauruhusu kujadili uamuzi wa kamati. Sijui kama ni kweli hauruhusu. Sikuwa nimeusoma kiasi hicho. Nilichojua ni kwamba jibu lile lingemaliza mazungumzo. Alilichukua jalada lake akaaga. Kwa dakika tano ningeweza kumwonyesha mkunjo ule kwa kidole.

Sheria zetu za ununuzi wa umma zina vifungu vya kuwapendelea wazalishaji wa ndani, na ni vizuri viwepo. Lakini upendeleo peke yake hauimarishi mkunjo wa jalada. Mzalishaji anahitaji mnunuzi anayesema wazi anataka nini, anayekataa kibovu kwa kutaja sababu, na anayempokea fundi anaporudi mara ya pili. Ukinunua kibovu kwa huruma, unamdumaza fundi. Ukimkataa kimyakimya, unamfukuza. Sisi siku ile tulichagua la pili, tukaliita kufuata taratibu.

Wala tusijifiche nyuma ya umaskini wa malighafi. Grafiti ipo Mahenge na Lindi. Katika milima ya Usambara humea mwangati, aina ya mwerezi ambayo Waingereza waliiita kwa jina lao mti wa penseli wa Afrika. Wakati wa Wajerumani, mbao za mwerezi huo zilishushwa kutoka Shume hadi Mkumbara kwa waya wa kubebea mizigo, zikaelekea kwenye reli na bandari. Mti wetu ulijua njia ya kwenda kiwandani kabla ya wengi wa babu zetu kushika penseli. Haukurudi na kiwanda.

Penseli za binti yangu zimebaki mbili. Kila anapochonga moja namkumbuka yule mzee wa majalada. Karakana yake nimepita mara mbili; mara zote mbili mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Jirani aliniambia alihamia kwa mwanawe. Deni langu kwake, basi, ninalilipa kwa njia niliyobaki nayo. Wewe mtumishi wa umma unayesoma hapa, na wewe mwanafunzi utakayekalia kiti hicho kesho: siku fundi atakapokuletea kazi yenye kasoro na kukuuliza amekosea wapi, mjibu.