Richard Sorge: Jasusi Aliyesema Kweli Asisikilizwe

Wanafunzi wangu wakisikia neno ujasusi hufikiria bastola na miwani myeusi. Mimi huwasimulia habari za Richard Sorge, msomi mwenye shahada ya uzamivu katika sayansi ya siasa.

Sorge alizaliwa Baku mwaka 1895, baba Mjerumani na mama Mrusi. Alipigana Vita Kuu ya Kwanza upande wa Ujerumani, akajeruhiwa, na baadaye akawa mkomunisti. Mwaka 1933 idara ya ujasusi ya jeshi la Kisovieti ilimpeleka Tokyo. Huko alijulikana kama mwandishi wa habari wa Kijerumani na, ili asishukiwe, alijiunga na chama cha Nazi. Akafanya urafiki na Eugen Ott, aliyekuja kuwa balozi wa Ujerumani nchini Japani, hata akazisoma siri za Berlin ndani ya ubalozi wenyewe. Mshirika wake, Hotsumi Ozaki, alikuwa mshauri katika duru za Waziri Mkuu Konoe.

Mwaka 1941 Sorge alionya kwamba Ujerumani ilikuwa inajiandaa kuivamia Urusi. Stalin alimpuuza. Wakuu wa ujasusi nao walijua bwana wao anapenda kusikia nini, wakazichuja taarifa zimpendeze. Tarehe 22 Juni Wajerumani walivuka mpaka, na askari wengi wakauawa au kutekwa kabla hawajajipanga.

Septemba Sorge aliarifu kwamba Japani haitaishambulia Siberia mwaka huo. Safari hii neno lake lilipata uzito. Vikosi vya mashariki vilihamishwa kwenda kuilinda Moscow, na mji haukuanguka.

Oktoba alikamatwa. Tarehe 7 Novemba 1944 yeye na Ozaki walinyongwa katika gereza la Sugamo. Dola aliyoitumikia ilinyamaza hadi 1964, ilipomtunuku hadhi ya Shujaa wa Umoja wa Kisovieti.

Simtukuzi Sorge, alimtumikia dikteta. Lakini ninyi mnaoandika taarifa maofisini, jiulizeni: mnaandika mlichokiona, au anachotaka bosi? Na mlio juu, je, anayewaletea habari chungu mnamwita mtaalamu au mchochezi? Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Historia inaongeza kwamba mkuu asiyesikia la mdogo huivunja miguu ya taifa zima.